Sumukuvu, si Sumu ya Kuvu

Rasimu ya kipeperushi cha wafanyabiashara wa nafaka imenifikia ikiwa na kichwa kilichokolezwa wino: "Upimaji wa Sumu ya Kuvu au Ukungu wa Mahindi." Waliokaa kikao wakakipitisha ni wasomi, na posho walipokea, sitawataja. Nasema tu kwamba neno sumukuvu lipo, serikali inalitumia, na halikuwa na kosa lolote la kuvunjwa vipande.

Tuanze na hiyo "ya". Ukiomba sumu ya panya dukani, unapewa ya kumwua panya. Sumu ya mende, vivyo hivyo. Mkulima wa zabibu wa Hombolo, ambaye hupuliza salfa ubwiri unapoinyemelea mizabibu yake, akisoma "sumu ya kuvu" atadhani imeingia dawa mpya na atauliza bei. Kumbe anaambiwa habari ya sumu inayotengenezwa na kuvu yenyewe! Mtaalamu mmoja, ambaye vitabu vyake havikosi dibaji ndefu, hushikilia kwamba nomino mbili haziungani hivyo katika Kiswahili sanifu. Askarikanzu je? Na batamzinga?

Batamzinga anastahili kutajwa hapa kuliko ndege wote, maana ndiye aliyeifichua sumu hii: mwaka 1960 zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil. Sumu ilipotambuliwa ikaitwa aflatoksini, na wapo wenzetu wanaotaka tuishie hapo. Haya, tulifumue. "A" ni ya Aspergillus, jina lililotolewa mwaka 1729 na Micheli, kasisi wa Florence, ambaye umbo la kuvu hiyo lilimkumbusha kinyunyizio cha maji ya baraka. "Fla" ni flavus, yaani manjano kwa Kilatini. "Toksini" inatoka kwa Wagiriki, ambao toxon kwao ni upinde. Sumu iliyopewa jina hilo ilikuwa ya kupakwa kwenye mishale. Wasandawe waliijua sumu ya mishale bila kuhitaji Kigiriki. Na mwaka 2016, walipougua watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao wakafa, hakuna aliyechomwa mshale. Sumu ilikuwa ndani ya mahindi.

Ukungu nao kamusi zinauruhusu kwa maana hii, nami sizigombi kamusi. Lakini ukungu huonekana kwa macho, ilhali punje inayong'aa inaweza kuwa na sumukuvu tele, na kuipika hakuiondoi. Anayechoma bambo gunia baada ya gunia, akachanganya sampuli, akasaga na kuiyeyusha sumu kwa kileo, hahesabu kuvu. Anatafuta kama sumu imevuka mikrogramu 10 kwa kilo, kikomo cha Afrika Mashariki. Basi huo ni upimaji wa sumukuvu. Ukuta wa stoo unaonuka uvundo ni shauri jingine: hapo inayosakwa ni kuvu yenyewe, andika upimaji wa kuvu. Haya niliyaeleza kwa barua, yenye mifano na jedwali. Sikujibiwa, ingawa jedwali nililiona baadaye katika mada ya mtu mwingine.

Upande wa pili una hoja moja yenye uzito: sumukuvu ni pana mno, kwa sababu mahindi hayohayo huweza kubeba fumonisini, ambayo nayo ni sumu itokanayo na kuvu. Kweli. Basi sumukuvu iwe jina la ukoo, na aflatoksini ibaki kwenye cheti cha maabara, pale mkemia anapolazimika kusema ni ipi, na kwamba ile ya B1 peke yake haitakiwi kuzidi mikrogramu 5. Kwenye kipeperushi, turubai na ubao wa soko la Kibaigwa iandikwe sumukuvu, neno moja, bila nafasi katikati na bila kistari, maana nasikia kistari nacho kimeshapata watetezi.