Nyumba ya Afrika katika Mji wa Hamburg

Sisi wa Kakanda na Likasi tumezoea nyumba za kampuni. Twazitambua kwa mbali, na kila mtu ajua mlango wa wakubwa ni upi. Lakini ni mara chache mtu kusimama mbele yake na kuuliza: Je, nyumba hii yasema nini juu yetu? Leo natazama moja iliyo mbali sana, ya kampuni ya meli, ambayo imejipa jina letu.

Yaitwa Afrikahaus, maana yake Nyumba ya Afrika. Iko Hamburg, bandari kubwa ya Ujerumani, katika barabara ya Große Reichenstraße. Ilijengwa mwaka 1899 kwa ajili ya Adolph Woermann. Baba yake, Carl, alianza biashara mwaka 1837, na mwaka 1849 akaanza kufanya biashara na Liberia. Walinunua mawese, mpira na pembe za ndovu. Wakauza vitu vingi, na katika hivyo pombe kali kwa wingi. Tena mwaka 1890 ikaundwa Deutsche Ost-Afrika Linie, kwa msaada wa fedha za serikali, na meli zake zikafika Tanga, Dar es Salaam, hata Beira.

Aliyeichora nyumba ni Martin Haller. Zamani tajiri wa Hamburg alilala, aliandika hesabu na kuweka mizigo chini ya paa moja. Haller alikuwa amekwisha kujenga jumba la maofisi matupu, Dovenhof, mwaka 1886. Afrikahaus nayo ni ya namna hiyo. Uso wake ni wa matofali meupe yenye kung'aa kama sahani, maana moshi wa mji hauyashiki upesi. Juu yake yamepambwa kwa kijani na buluu, rangi za kampuni. Hivyo baharia aliyeijua bendera ya meli yake aliijua na nyumba.

Mlangoni amesimama shujaa wa Kiafrika, kazi ya Walter Sintenis. Ni wa shaba iliyochanganywa na bati. Nasi watu wa Katanga twazijua sana madini hizo. Wazee wetu waliyeyusha shaba na kuimimina kwa mfano wa msalaba kabla Union Minière haijaundwa mwaka 1906. Ukipita ndani, ukafika uani, utaona tembo wawili wakubwa wakilinda mlango wa nyuma, na juu yao picha ya michikichi iliyofanyizwa kwa vipande vidogo vya rangi.

Nakiri kazi ni nzuri. Fundi hakumfanya yule shujaa kuwa kichekesho, kama walivyofanya wengi siku zile. Amemsimamisha kwa heshima. Ila jambo moja lanisumbua. Kanisani kwetu kila sanamu ina jina, hata mtoto wa mafundisho atakuambia huyu ni Petro, huyu ni Yosefu. Woermann ana jina, Haller ana jina, Sintenis ana jina. Shujaa ni Mwafrika tu. Na tembo wale wana pembe zao kamili, wakati pembe zilizoshushwa bandarini zilitoka kwa tembo waliouawa, zikachukuliwa mabegani mwa watu hadi pwani. Mchukuzi hakuchorwa popote.

Nyumba haikuwa na miaka mitano ilipoanza vita ya Namibia, mwaka 1904. Meli za Woermann ndizo zilizopeleka askari wa Kijerumani, na Waherero na Wanama wakafa kwa maelfu.

Wazee wetu pia waliipata kampuni hii, ingawa kwa njia nyingine. Deutsche Ost-Afrika Linie ilikuwa na meli iliyoitwa Tabora. Machi 1916 Waingereza waliipiga mizinga, ikazama katika bandari ya Dar es Salaam. Septemba ya mwaka ule ule askari wa Kongo wakauteka mji wenyewe wa Tabora, nao wachukuzi wengi waliokwenda nao hawakurudi.

Sanamu bado iko mlangoni pake.