Antena ya Landrova na Sauti Iliyotoka Mbali

Ukienda madukani Singida mjini leo kutafuta antena ya Landrova 109, utapewa ya mpira, urefu wa shibiri moja, nyeusi, imejikunja kidogo kama mkia wa mbuzi. Baba mdogo alipewa hiyo. Akaigeuza mkononi, akairudisha kwenye kaunta taratibu. "Hii ni ya FM, mwanangu," akamwambia kijana wa dukani. "Mimi nataka ile ya kusikilizia."

Kijana alicheka, na mimi nilicheka. Lakini njiani kurudi gereji nikaanza kuona kwamba mzee hakuwa anatania. Antena iliyokuwa kwenye madigadi ya gari lake, iliyobaki kisiki cha vidole vinne, ilitengenezwa kwa kazi tofauti kabisa na ile ya mpira. Na ukitaka kujua kwa nini, inabidi urudi kwenye historia ya redio yenyewe, na ya hii nchi.

Tuanze na hesabu, ni fupi. Kituo cha FM kinachorusha kwenye megahezi 100 kina wimbi la mita 3. Antena nzuri ni robo ya wimbi, yaani sentimita 75. Gari linaweza kubeba fimbo hiyo bila shida, na kwa kuwa mnara uko jirani, hata shibiri moja inatosha. Sasa chukua mawimbi ya kati, yale tuliyozoea kuyaita AM. Kituo kilichoko kwenye kilohezi 1000 kina wimbi la mita 300. Robo yake ni mita 75. Hakuna gari la kubeba mlingoti huo. Kwa hiyo fimbo ya mita moja kwenye madigadi inaokota makombo tu ya wimbi, na ukiikata nusu umekata nusu ya makombo. Ndiyo maana redio nyingi za zamani za magari zina skrubu ndogo ya kulinganisha redio na antena yake: unatafuta kituo dhaifu, unaizungusha kidogo kidogo mpaka sauti ipande. Ndiyo maana pia fundi anayeunga kebo ya antena kwa waya wowote wa taa anaharibu. Kebo ile nayo imo kwenye hesabu.

Sauti yenyewe ilikuwa inatoka wapi? Dar es Salaam. Matangazo yalianza mwaka 1951 kama jaribio, Sauti ya Dar es Salaam, chini ya Mwingereza. Mwaka 1956 likaundwa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikalivunja na kuichukua redio moja kwa moja: Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Kutoka Dar mpaka Singida kwa barabara ni kama kilomita 700. Mchana wimbi la kati linatambaa na ardhi na kuchoka njiani. Usiku linapaa, linagonga tabaka la juu la anga, linarudi chini mbali sana. Mtu aliyekuwa ndani ya gari usiku, katikati ya Manyoni na Singida kabla ya lami, alikuwa anapata Dar es Salaam vizuri kuliko aliyekuwa hapo hapo saa sita mchana. (Redio nyingi za magari ya Kiingereza zilikuwa pia na kitufe cha mawimbi marefu, kilichowekwa kwa ajili ya vituo vya Ulaya. Huku kilikuwa kitufe cha kelele. Watoto tulikipenda.)

Na hiyo redio ilikuwa kila kitu. Azimio la Arusha mwaka 1967, tangazo la vita vya Kagera Novemba 1978, kifo cha Sokoine tarehe 12 Aprili 1984, vyote viliingia Singida kwa njia hiyo. Televisheni Tanzania Bara ilikuja mwaka 1994. Simba ilipofungwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapa nyumbani mwaka 1979, halafu ikaenda Lusaka kushinda 5-0, mtu wa Singida hakuona hata goli moja. Aliambiwa. Muziki nao vilevile: bendi zilirekodi kwenye studio za RTD, kanda zikabaki maktaba ya RTD, na baada ya mpaka na Kenya kufungwa mwaka 1977 hata santuri kutoka Nairobi zikawa adimu. Ukitaka kumsikia Marijani Rajabu, usubiri redio impige.

Kwa sisi tunaopenda vitabu kuna jambo la kukiri hapa. Watu wa rika langu wengi hawakukutana na hadithi kwenye kitabu kwanza. Walikutana nayo kwenye Mama na Mwana. Ucheshi wa kwanza wa Kiswahili sanifu, wenye wahusika waliochorwa kwa sauti tu, ulikuwa Pwagu na Pwaguzi. Nyumbani kwetu wakubwa walizungumza Kinyaturu. Kiswahili chenye mpangilio kilitoka kwenye spika.

Sasa gari linaingiaje? Baada ya vita, fedha za kigeni zilikauka. Betri za redio za mkononi zikawa bidhaa ya foleni. Mtu anazianika juani zipate nguvu kidogo, kisha zinakufa katikati ya taarifa ya habari. Gari lina betri ya volti 12. Zilikuwapo pia zile Jumapili ambazo magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa kutembea kuanzia saa nane mchana, ili kubana mafuta. Basi Landrova ya baba mdogo ilisimama chini ya mkungugu, milango imefunguliwa, na watu wamekaa kwenye mawe kusikiliza mpira. Ilikuwa haiendi popote, lakini redio inafanya kazi. Wenye simulizi kama hii wapo mikoa mingi, sidai Singida ni ya kipekee.

Cha kipekee labda ni namna antena zilivyokufa. Magharibi ya mkoa kuna vichaka vya Itigi, miti myembamba iliyosongamana kiasi kwamba ng'ombe akiingia unamsikia tu humwoni. Gari likipita njia ya humo, matawi yanashika fimbo, yanaipinda nyuma, yanaiachia. Ya kuvuta, ile inayorefuka pingili kwa pingili, inakatika kwenye pingili ya pili. Spea hakuna. Mpaka serikali iliporuhusu mwaka 1984 watu wenye fedha zao nje waagize bidhaa, antena ya gari ilikuwa anasa. Nani angeombea kibali cha fedha za kigeni kwa ajili ya fimbo? Watu waliweka waya wa hanga. Waliweka spoki mbili za baiskeli zilizolehemiwa. Zilisikika, kwa mikwaruzo.

Turudi gereji. Fundi alipofungua kitako cha antena tulikuta unga mweupe umejaa chini yake. Bodi ya Landrova ni aluminiamu, kwa sababu ilipobuniwa mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza. Haishiki kutu, watu husifu. Lakini nati ya chuma ikikaa juu ya aluminiamu na unyevu ukapita, aluminiamu inaliwa, na ule unga unakata ethi. Antena isiyo na ethi inapokea kelele za plagi za gari lenyewe: ukikanyaga mafuta, redio inalia juu. Fundi alikuwa tayari kufunga mpya juu ya uchafu ule ule. Baba mdogo akamwomba msasa, akainama chini ya madigadi mwenyewe, miaka yake sabini na kitu, akasugua mpaka bati likang'aa, akaweka washa ya meno, akapaka grisi juu.

Fimbo tulipata kwa mchomeleaji wa jirani: waya wa shaba wa kuchomelea, karibu mita moja, uliolehemiwa kwenye kisiki cha zamani. Si nzuri kutazama. Jioni mzee aliwasha, akaenda AM, akazungusha ile skrubu kwa bisibisi ndogo. Hakuna Dar es Salaam pale tena. Vituo vyote anavyovijua viko FM sasa. Kulikuwa na mvumo mrefu, halafu saa mbili usiku ikapita sauti ya mwanamke, mbali sana, kwa lugha ambayo sote hatukuitambua.

Niliuliza kama nihamishie FM. Akasema ngoja kwanza, taarifa ya habari bado haijaisha.