Kabonidayoksaidi ya Usiku: Hoja Kuhusu Uchunguzi wa Upumuaji kwa Watoto Wenye Udhaifu wa Misuli

Mtoto mwenye maradhi ya misuli anapoletwa kliniki kwa shaka kwamba hapumui vizuri usingizini, swali la kwanza huwa lile lile: anakoroma? La pili ni oksijeni yake ni ngapi. Maswali yote mawili yana mahali pake, lakini kwa mtoto huyu yanaweza kumpoteza daktari kabisa. Kukoroma kunahitaji nguvu ya kuvuta hewa kupitia koo lililobana. Misuli iliyodhoofika haina nguvu hiyo, na mtoto hulala kimya. Oksijeni nayo hushuka ikiwa imechelewa. Kinachopaswa kutafutwa kwanza ni kabonidayoksaidi, tena kwa ratiba, kabla mtoto wala mzazi hajalalamika.

Fundisho hili lina umri wa zaidi ya miaka 70. Mwaka 1952 Copenhagen ilikumbwa na mlipuko mkali wa polio, na katika hospitali ya Blegdam, kati ya wagonjwa 31 wa mwanzo waliohitaji mashine za kupumulia, 27 walikufa. Vipimo vya damu vilionyesha kabonidayoksaidi nyingi kupita kiasi, na madaktari wakadhani ni alkali iliyozidi kwa sababu isiyojulikana. Bjørn Ibsen, daktari wa nusukaputi, aliziangalia takwimu hizo hizo akaona wagonjwa wanaoshindwa kutoa hewa chafu. Tarehe 27 Agosti msichana wa miaka 12 alitobolewa koo, na Ibsen akamsukumia hewa kwa mfuko wa mpira mpaka hali yake ikageuka. Baada ya hapo wanafunzi wapatao 1,500 walipokezana zamu za kuwapumulisha wagonjwa kwa mikono, na vifo vikapungua sana. Ushahidi ulikuwa mezani tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mtu wa kuusoma kama tatizo la kupumua.

Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa misuli wa Duchenne, au mwenye kudhoofika kwa misuli kunakotokana na uti wa mgongo, ushahidi huo hujificha usiku. Katika usingizi wa ndoto ubongo huzima karibu misuli yote inayoendeshwa kwa hiari, isipokuwa ile ya macho na kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Kwa mwenye afya hilo si tatizo, maana kiwambo hubeba kazi yote peke yake. Kwa mvulana wa Duchenne aliyefikia miaka 13 au 14 kiwambo chenyewe kimeanza kuchoka, na misuli ya mbavu na shingo inayokisaidia mchana sasa imezimwa. Ndiyo sababu hitilafu huanzia kwenye usingizi wa ndoto, ikaenea katika usingizi mwingine, na mwisho kabisa ikajitokeza mchana. Anayempima mtoto saa nne asubuhi, akiwa macho na amekaa wima, anaitafuta hatua ya mwisho ya ugonjwa.

Tuseme mvulana huyo amefungwa vipimo jioni. Saa nne usiku kabonidayoksaidi yake ni milimita 42 za zebaki, kiwango cha kawaida. Usingizi wa ndoto hurundikana katika sehemu ya mwisho ya usiku, kwa hiyo mstari unapanda ngazi kwa ngazi: 47, 51, na saa kumi alfajiri unagusa 55. Hakuna dakika aliyoacha kupumua. Pumzi zilikuwa fupi tu, nyingi, zisizofika mbali. Na oksijeni? Ukifanya hesabu ya hewa iliyomo ndani ya mapafu utaona kwamba mtoto huyo, akiwa Mombasa kwenye usawa wa bahari, bado anaweza kuonyesha asilimia 93 au 94. Akiwa Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, kabonidayoksaidi hiyo hiyo ingemshusha chini ya 90. Kipimo cha kidoleni, kwa maneno mengine, ni kipofu zaidi pwani kuliko nyanda za juu, na sijaona jambo hili likitiliwa maanani inavyostahili katika mafunzo yetu. Akiwekewa oksijeni kidogo ya puani, namba inarudi 98 na kila mtu wodini anapumua kwa faraja, huku kabonidayoksaidi ikiendelea kupanda.

Rangi ya ngozi inaongeza tatizo. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2020, uliofanywa kwa wagonjwa watu wazima, ulionyesha kwamba pale kipimo cha kidoleni kiliposoma kati ya 92 na 96, oksijeni halisi ya damu ilikuwa chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, dhidi ya asilimia 3.6 kwa weupe. Watoto wetu hawana sababu ya kusalimika na kosa hilo.

Wapo watakaosema jibu ni polisomnografia, ule uchunguzi kamili wa usiku kucha unaorekodi ubongo, macho, misuli, mtiririko wa hewa, mwendo wa kifua na tumbo, moyo na oksijeni. Ninaiheshimu. Lakini ripoti yake mara nyingi hufupishwa kuwa namba moja, idadi ya vipindi vya kukatika kwa pumzi kwa saa, na mvulana wetu wa hapo juu anaweza kupata namba nzuri kabisa. Kuna mtego mwingine pia. Mikanda ya kifua na tumbo ikikosa kutikisika, mashine husema ubongo ndio uliosahau kuamrisha pumzi, kumbe amri imetoka na msuli umeshindwa kuitekeleza. Kwa watoto, kigezo cha Marekani cha upumuaji hafifu usingizini ni kabonidayoksaidi kuzidi milimita 50 kwa zaidi ya robo ya muda wa kulala. Polisomnografia isiyopima kabonidayoksaidi, hata iwe na nyaya ishirini, haiwezi kujibu swali hilo.

Kwa hiyo, pale ambapo maabara ya usingizi haipo, usiku mmoja wa kupima oksijeni na kabonidayoksaidi kwa pamoja, kupitia ngozi au hewa itokayo puani, ni uchunguzi wenye hadhi yake. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2012 wa watoto hawa unauweka kuwa kiwango cha chini kabisa pale oksijeni inapoonyesha hitilafu isiyoeleweka. Unataka pia uchunguzi wa usingizi angalau mara moja kwa mwaka kwa aliyepoteza uwezo wa kutembea, au ambaye ujazo wa pumzi yake umeshuka chini ya asilimia 60 ya unaotarajiwa. Kipimo cha puani kina udhaifu wake: pumzi fupi hukifanya kisome chini ya ukweli, hivyo namba iliyo juu iaminiwe, na iliyo chini isimtulize mtu.

Kabla ya mashine yoyote, mtoto alazwe chali, ashushwe blanketi, apandishwe shati. Tumbo likizama ndani wakati kifua kinainuka, kiwambo ndicho kilichodhoofika. Kifua kikizama wakati tumbo linainuka, mbavu ndizo zilizokosa msaada, kama ilivyo kwa mtoto mchanga mwenye udhaifu wa misuli utokanao na uti wa mgongo. Mzazi anaweza kulirekodi hilo kwa simu saa kumi alfajiri, na video ya dakika mbili ikamfaa daktari kuliko fomu ya maswali. Aulizwe pia: unaamka mara ngapi usiku kumgeuza? Anaamka na kichwa kinauma? Anakula kifungua kinywa? Bikabonati ya damu iliyopanda iongeze shaka, ingawa ikiwa ya kawaida haimwondoi mtoto kwenye orodha. Wavulana wadogo wa Duchenne wanaotumia dawa ya prednisoloni na kunenepa wachunguzwe pia koo na tezi zake, kwa kuwa koo lao huziba kwanza, miaka kadhaa kabla kiwambo hakijachoka.

Swali gumu ni hili: kuna faida gani kugundua pale ambapo familia haiwezi kupata mashine ya kumsaidia mtoto kupumua kwa barakoa? Faida ya mashine yenyewe haina ubishi. Huko Newcastle, Uingereza, wastani wa umri wa kufariki kwa wenye Duchenne ulikuwa miaka 14.4 katika miaka ya 1960, ukafika 25.3 kwa waliosaidiwa kupumua tangu 1990. Lakini hata bila mashine, jibu hubadilisha matibabu siku hiyo hiyo. Daktari wa nusukaputi atajua kabla ya upasuaji wa mgongo. Dawa za usingizi zitaepukwa. Familia itaanza kutafuta mashine ikiwa na miezi mbele yake, si saa. Na muuguzi wa zamu ya usiku, akikuta oksijeni ni 91, hatafungua mtungi na kuondoka. Atamkalisha mtoto, atamsaidia kukohoa makohozi, ataita daktari, na kwenye jalada atakuta imeandikwa kabonidayoksaidi ya mara ya mwisho ilikuwa ngapi na ilipimwa saa ngapi.