Pijo, Matope na Barabara Kuu ya Kaskazini

Ndugu Mhariri aliponiomba makala ya historia kwa ajili ya toleo hili, nadhani alitegemea niandike juu ya reli, au juu ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa Dodoma. Hayo yamekwisha kuandikwa na wajuzi kuliko mimi. Nimechagua mbio za magari. Najua wapo watakaocheka, maana mwanafunzi wa leo ukimtajia Safari Rally atakujibu kuwa hayo ni mambo ya Wakenya, ya huko Naivasha. Jibu hilo ndilo linaloniudhi. Kwa miaka 20 hivi mashindano hayo yalikuwa ya Afrika Mashariki nzima, na mshindi wa mwaka 1966 na wa 1967 alitoka Tanzania.

Chanzo chake si cha kujivunia sana. Mwishoni mwa Mei 1953 walowezi wapenda magari waliandaa mbio ndefu za kupita Kenya, Uganda na Tanganyika ili kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Kumbukeni kwamba wakati huo Kenya ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na watu walikuwa wakifungwa na kuuawa. Wenyewe wakawa wanashangilia taji. Aliyeshughulikia sana mpango huo ni Eric Cecil, na inasemekana wazo lilizaliwa pale binamu yake, Neil Vincent, alipokataa kushindana katika uwanja wa Langa Langa, akisema haoni raha ya kuzunguka mahali pale pale. Yeye alitaka kufunga milango ya gari, kwenda mbali na kurudi.

Hata hivyo walowezi hao walifanya jambo moja la busara. Magari waliyagawa katika madaraja kwa bei yake dukani, si kwa ukubwa wa injini. Tena ilitakiwa yawe kama yalivyouzwa, bila kubadilishwa badilishwa. Kwa hiyo swali halikuwa gari lipi lina mbio kuliko yote duniani. Swali lilikuwa: mtu mwenye fedha kiasi fulani anunue gari gani litakalomfikisha? Ndiyo maana mwaka 1954 Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda kwa Volkswagen ndogo, ile ya mgongo wa kobe. Mercedes zikaja kushinda miaka mitatu mfululizo, 1959 hadi 1961, lakini mwaka 1962 Volkswagen ikarudi mbele.

Kanuni zenyewe zilikuwa nyepesi kueleza. Barabara haikufungwa, ng'ombe, malori na mabasi viliendelea na shughuli zake. Kila gari lilipewa muda wa kufika kituo cha ukaguzi kinachofuata, na kila dakika ya kuchelewa ilihesabiwa kuwa kosa. Mwenye makosa machache mwisho wa karibu kilomita 5,000 ndiye mshindi. Baadaye mbio zikawekwa wakati wa Pasaka, yaani masika, na hapo ndipo uchumi wa mvua na udongo ulipoanza kutawala.

Msomaji wa Dodoma hahitaji kuelezwa sana. Barabara Kuu ya Kaskazini, ile iliyoota ndoto ya Wazungu ya kuunganisha Cape Town na Cairo, ilitoka Arusha, ikapita Babati, Kondoa, Dodoma na Iringa, kisha Mbeya. Kwa sehemu kubwa ilikuwa udongo mtupu. Kiangazi ni vumbi jekundu na makorongo makavu yenye mchanga wa kumeza tairi. Mvua ikinyesha, korongo ulilovuka asubuhi kwa miguu jioni linabeba mti mzima, na mbuga zetu za udongo mweusi zinageuka ugali usioiva. Ukikanyaga mafuta unazama, ukisimama unazama. Kaskazini zaidi, pande za Mbulu, madereva wa Safari walikuta milima na utelezi ambao walikuja kuuzungumzia hata Ulaya.

Kazi yangu serikalini hunipitisha mara kwa mara katika barabara hiyo. Huko Kondoa nimezungumza na mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa dereva wa greda wa PWD. Ananiambia kuwa habari ya magari ya mashindano ilipofika, watu walijipanga kando ya barabara na majembe yao tangu usiku. Magari yakinasa, bei ya kusukuma ilipatanwa pale pale, na ilipanda kadiri dereva alivyozidi kutazama saa yake. "Sisi ndio tulioshinda," mzee akacheka, "maana sisi tulilipwa wote." Katika vitabu vya mashindano hayo nilivyosoma, wasukumaji huonekana nyuma ya picha tu, bila jina.

Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaondoka 93, yakamaliza 7 tena. Mwaka 1964 Erik Carlsson wa Sweden, bingwa mwenye sifa kubwa, alinasa na Saab yake. Yeye na mwenzake Gunnar Palm wakalibiringisha gari hilo juu ya paa mpaka likasimama tena mahali pakavu, wakaendelea, wakawa wa pili. Waandishi wa habari hawakuamini mpaka walipoonyeshwa jinsi ilivyofanyika!

Sasa nifike kwa mtu wetu. Bert Shankland alikuwa Mskoti mkazi wa Dar es Salaam, katika kampuni iliyokuwa wakala wa Peugeot. Pamoja na Chris Rothwell alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari la familia lenye injini ya lita 1.6. Halikuwa na mbio za kutisha. Lilikuwa na springi laini, bodi ngumu, na mtu aliyejua kila nati yake. Aina hiyo hiyo ilishinda pia mwaka 1963 na 1968 mikononi mwa Nick Nowicki na Paddy Cliff. Wazee wetu walioapa kwa Pijo hawakudanganywa na matangazo.

Baadaye timu kubwa za viwanda zilikuja na fedha, ndege na mafundi. Gari la michezo hasa, Datsun 240Z, lilishinda mwaka 1971 na 1973. Mwaka 1972 mbio zilianzia Dar es Salaam, na Hannu Mikkola wa Finland, akiwa na Ford Escort, akawa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Porsche, pamoja na sifa zake zote, ilikuwa ya pili mwaka 1972, 1974 na 1978, na Safari hiyo haikuishinda kamwe.

Kufikia katikati ya miaka ya 1970 mbio zilikuwa zimebaki ndani ya Kenya, na mwaka 1975 maneno "Afrika Mashariki" yakaondolewa katika jina. Miaka miwili baadaye Jumuiya yenyewe ikavunjika na mpaka ukafungwa. Wakenya walitunza kumbukumbu zao vizuri, nami siwalaumu. Sisi hatukutunza zetu.

Lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018, na mbuga ile iliyokula magari unaipita leo ukisinzia. Mzee wa Kondoa bado ana akili timamu, lakini hatakuwapo daima. Nimemwomba mwalimu wa historia awatume vijana wa kidato cha tatu wakati wa likizo, waende na daftari. Na kwenu wahitimu: mwenye picha ya baba au babu amesimama kando ya gari lenye namba mlangoni, aje nayo siku ya mkutano wetu, ameandika nyuma yake mahali na mwaka.