Carl Heinrich Becker: Kutoka Mafunjo ya Misri hadi Barua ya Lindi

Wanafunzi wa Kiswahili humjua Carl Meinhof, na wengi wao humjua Carl Velten pia. Mtu wa tatu wa zama hizo hutajwa kwa nadra, kwa kuwa hakuwa mwanaisimu wala hakuandika sarufi. Huyo ni Carl Heinrich Becker, mwanahistoria wa karne za mwanzo za Uislamu. Namleta mbele yenu leo kwa sababu njia aliyoitumia kuisoma Misri ya karne ya 8 ndiyo aliyoitumia baadaye kuisoma pwani yetu, na kwa sababu njia hiyo ilimfikisha mahali ambapo elimu yake na matakwa ya dola yake hayakuweza tena kutenganishwa.

Becker alizaliwa Amsterdam mwaka 1876, mtoto wa Mjerumani mwenye benki. Alisoma Lausanne, Heidelberg na Berlin. Mwaka 1899 alichapisha uhariri wa kitabu cha Ibn al-Jawzi kihusucho sifa za khalifa Umar bin Abdul-Aziz. Baada ya safari za Hispania na Misri akaanza kufundisha Heidelberg, na huko ndiko alikokutana na karatasi zilizomjengea jina.

Zilikuwa karatasi za mafunjo, nyingine zimechanika, zenye maandishi ya Kiarabu. Miongoni mwake zilikuwamo barua za Qurra bin Sharik, gavana wa Misri kuanzia mwaka 709 chini ya khalifa al-Walid wa Bani Umayya. Aliyeandikiwa ni Basilios, Mkristo aliyesimamia wilaya ya Ashquh, huko Misri ya Juu. Becker alizichapa mwaka 1906. Hazina hadithi za vita wala miujiza. Gavana anadai kodi iliyochelewa, kwa kuwa askari wanangoja mishahara yao. Penginepo anaeleza kwamba fulani amemjia akilalamika kuwa anamdai mtu wa wilaya hiyo dinari kadhaa. Basi Basilios aichunguze habari hiyo, na ushahidi ukisimama, mdai alipwe haki yake.

Sasa tukifungua vitabu vya waliokuja baadaye, wakati Bani Abbas wamekwisha kuwapindua Bani Umayya, Qurra huyohuyo anatajwa kuwa dhalimu mkubwa. Sisemi kwamba barua zinamfanya mtakatifu; mtoza kodi ni mtoza kodi. Lakini zinatuonyesha mtawala anayehesabu, anayefuatilia, anayeogopa manung'uniko ya raia. Tofauti hiyo kati ya msimulizi na karatasi ndiyo iliyomfunza Becker kazi yake. Akaonyesha kuwa Waarabu walirithi kwa Warumi wa Mashariki makarani wao, daftari zao na hata taratibu zao za kodi, na kwamba mfumo wa kodi wa Kiislamu haukushuka umekamilika bali ulikua hatua kwa hatua.

Kutoka hapo aliruka mbali zaidi. Katika sura aliyoiandika kwa ajili ya historia ya zama za kati iliyochapwa Cambridge mwaka 1913, alidai kwamba msukumo mkubwa wa kuenea kwa Waarabu ulikuwa njaa na shida ya Bara Arabu, nayo dini ikawa kifungo cha kuwaunganisha. Hapa nadhani alizidisha. Fred Donner, katika kitabu chake cha mwaka 1981, alieleza vizuri kwamba njaa peke yake haijengi dola. Palihitajika mpango na uongozi, na hivyo vilitokana na dini yenyewe.

Mwaka 1908 Becker aliitwa Hamburg, kwenye Taasisi ya Kikoloni iliyofunguliwa mwaka huohuo kuwaandaa maofisa wa makoloni. Mwaka 1910 akaanzisha jarida la *Der Islam*. Nako Afrika ya Mashariki ya Wajerumani kulikuwa na taharuki. Vita vya Maji Maji vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha, na mwaka 1908 ikaonekana Lindi na sehemu nyingine za pwani barua iliyosemekana kutoka Makka. Ilisimulia ndoto ya Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume, na kuwaonya Waislamu kwamba Kiyama kimekaribia, basi watubu. Maofisa waliiona kuwa ni wito wa uasi.

Becker aliisoma kama alivyozisoma barua za Qurra: imeandikwaje, imetoka wapi, inafanana na nini. Mholanzi Snouck Hurgronje alikuwa amekwisha kueleza barua ya namna hiyohiyo iliyosambaa katika visiwa vya Mashariki ya Mbali miaka ya 1880. Becker akaiweka barua ya Lindi katika ukoo huo, akaichapa pamoja na maelezo mengine ya Uislamu wa koloni mwaka 1911. Kumbe hofu ya serikali ilitokana na kutojua kusoma.

Katika Kongamano la Kikoloni la Berlin, mwaka 1910, wamisionari walitaka Uislamu uzuiwe. Becker aliwapinga. Lakini tusimfanye wakili wa Waswahili. Alichotetea ni utawala uliotegemea maliwali, maakida na makarani wa pwani. Mwislamu kwake alikuwa jambo la kusimamiwa kwa busara. Swali la nani aliyenakili barua ile, na alihofia nini moyoni mwake baada ya vita vile, hakulifikia.

Udhaifu huo ulidhihirika mwaka 1914. Dola ya Uthmaniya ilipotangaza jihadi ikiwa upande wa Ujerumani, Becker aliiunga mkono siasa hiyo. Snouck Hurgronje, rafiki yake, alimshutumu hadharani mwaka 1915. Becker akajibu kama mzalendo. Mtu aliyewahi kuwatuliza maofisa kwamba karatasi moja haiwainui Waislamu wote, sasa alitarajia tangazo moja liwainue.

Mwaka 1916 aliingia wizara ya elimu ya Prussia, akawa waziri mwaka 1921, na tena kuanzia 1925 hadi 1930. Alifariki Berlin tarehe 10 Februari 1933, siku 11 baada ya Hitler kushika ukansela. Makala yake juu ya Uislamu wa pwani ilitafsiriwa kwa Kiingereza na B. G. Martin, ikachapwa katika *Tanzania Notes and Records* mwaka 1968, miaka 60 baada ya barua ile kupita Lindi mkono kwa mkono.