Shosho Bila Diploma

Aprili 1948, zaidi ya wanawake elfu mbili waliingia makao makuu ya wilaya ya Murang'a wakiimba na kucheza. Haikuwa sherehe. Walikuja kumwambia mkuu wa wilaya kwamba kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, basi, wamemaliza. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwatoa shambani kwao na kuwapeleka kwenye matuta kwa amri ya machifu, bila malipo, na kazi za nyumbani zikiwasubiri palepale.

Tumezoea kusimulia kisa hiki kama siasa ya kupinga mkoloni, na ni kweli. Lakini pia lilikuwa darasa la mazingira lililofeli. Udongo ulikuwa unasombwa na mvua kweli. Shida ni kwamba mwalimu alikuja na amri, na hakumuuliza mama yeyote anajua nini kuhusu shamba lake.

Miaka 29 baadaye, tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya walipanda miti saba Kamukunji, Nairobi. Hapo ndipo Green Belt ilipoanzia. Akina mama wa mashambani walikuwa wamelalamika kwamba kuni zimeadimika na mito inakauka. Jibu lake: tupande miti.

Maafisa wa misitu wakaitwa wafundishe. Wakaja na hesabu za mwinuko wa ardhi, kina cha kitalu na aina za kokoto, ati mpaka uwe na diploma. Akina mama wakachanganyikiwa. Maathai akawaambia waachane na hayo, watumie akili ileile wanayopandia maharagwe na mahindi. Wakaokota mbegu za miti ya kwao, wakazipanda kwenye vyungu vilivyovunjika na mikebe mizee, wakaviweka juu mbuzi na kuku wasifikie. Darasa lilikuwa bure, na kila mche ulioshika ulimletea mama senti kadhaa. Kufikia 2004, Maathai alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, miti ilikuwa imepita milioni 30.

Baadaye zikaja semina. Wanakijiji waliulizwa, kwa lugha yao, wataje shida zao. Orodha ilijaa karatasi. Kisha swali: zimetoka wapi? Wengi waliilaumu serikali. Ndipo wakapewa mfano wa abiria aliyepanda basi lisilo lake: pengine hakuuliza, pengine aliogopa kuuliza, pengine alidanganywa. Atafika tu, lakini si alikokuwa anaenda. Mtu mzima aliyekaa kwenye semina hiyo alirudi nyumbani akijua kwamba kukauka kwa mto kuna sababu, na kwamba sababu nyingine iko shambani kwake mwenyewe.

Na usidhani wazee walikuja mikono mitupu. Maathai alipokuwa mtoto Ihithe, Nyeri, mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mugumo, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Karibu na mugumo huo palikuwa na kijito alikoteka maji. Alipokuwa mkubwa, na digrii mkononi, ndipo akaelewa: mizizi ya mugumo hupenya mwamba hadi kwenye maji ya chini na kuyapa njia ya kupanda, huku ikishika udongo wa mteremko usiporomoke. Aliporudi kutoka Marekani, mugumo ulikuwa umekatwa na kijito kimekauka.

Katazo lile lilikuwa somo la maji, ila halikuwa na kitabu. Lilipoitwa ushirikina, mti ukabaki bila mlinzi.

Ndiyo maana hadithi hii inatuhusu sisi tunaonunua maji kwa mtungi Nairobi. Wale akina mama wa 1977 sasa ni mashosho, na wengine tumeshawazika. Kama wako bado yupo, likizo ijayo usimpigie tu picha. Muulize chemchemi ilikuwa wapi, na mti gani uliokuwa pembeni yake.