Ubao wa Tiara: Mchezo Uliotoka Kwenye Karakana za Nyumbani

Leo naomba tuifunge tarakilishi kidogo, tuzungumze kuhusu kipande cha mbao.

Ukipita ufuo wa Diani, Watamu, au Paje kule Zanzibar wakati kusi au kaskazi imeshika, utawaona. Mtu amesimama juu ya ubao mfupi, amejifunga mkanda kiunoni, na mbele yake tiara kubwa kama tanga inamvuta kwa kamba ndefu. Wengine tiara huiita kishada, ni kitu kile kile. Ubao wenyewe unauzwa dukani, umepakwa rangi za kupendeza na una nembo ya kampuni, kwa hivyo ni rahisi kudhani kwamba ulibuniwa na wahandisi waliovaa makoti meupe ndani ya maabara. Sivyo. Kwa sehemu kubwa ulibuniwa na watu waliotaka kuutumia wenyewe, wakaukata kwa msumeno nyumbani, wakaupeleka majini, ukawaangusha, wakarudi kuukata upya.

Sisi tunaoandika programu tunaijua hadithi ya namna hii. Ni hadithi ya programu huria. Tofauti ni moja tu: hapa hitilafu ikijitokeza, anayeumia ni mtu.

Mwalimu wa Bristol na baharia wa tiara

Wazo la kuvutwa na tiara ni la zamani. Mwaka 1826 mwalimu mmoja wa shule huko Bristol, Uingereza, George Pocock, alipata hataza ya gari la kuvutwa na tiara mbili zilizofungwa kwenye kamba moja. Gari hilo lilibeba abiria kadhaa na liliweza kufikia kilomita 30 hivi kwa saa. Inasimuliwa kwamba watoza ushuru wa barabara hawakujua wamtoze nini, kwa sababu ushuru ulihesabiwa kwa idadi ya farasi, na yeye farasi hakuwa naye!

Novemba 1903, Samuel Cody, mzaliwa wa Marekani aliyehamia Uingereza, alivuka mlango wa bahari kutoka Calais hadi Dover ndani ya mashua ndogo ya turubai iliyovutwa na tiara. Ilimchukua saa 13 hivi.

Kwa hiyo kuvutwa kuliwezekana. Tatizo lilikuwa hili: tiara ikianguka majini inalowa, inakuwa nzito, haipai tena. Ukiwa katikati ya bahari bila mashua, safari yako imeishia hapo.

Hataza bila wanunuzi

Mwaka 1977 Mholanzi Gijsbertus Panhuise alipata hataza ya mchezo wa mtu aliyesimama juu ya ubao akivutwa na kitu mfano wa parachuti kilichofungwa kwenye mkanda wake. Ukiisoma leo utasema ni ule ule mchezo wa Diani. Lakini hataza hiyo haikuzaa biashara yoyote.

Novemba 1984 ndugu wawili Wafaransa kutoka Bretagne, Bruno na Dominique Legaignoux, waliandikisha hataza ya tiara yenye mirija ya kujazwa hewa. Mirija hiyo ilifanya kazi mbili kwa mpigo: iliipa tiara umbo lake, na iliifanya ielee ikianguka. Sasa aliye majini aliweza kuivuta kamba upande mmoja na tiara ikainuka tena. Hata hivyo ilibidi wasubiri hadi 1997 ndipo tiara yao ya Wipika ikaingia sokoni na kushika. Hesabu mwenyewe, miaka 13.

Wakati huo huo huko Marekani, Bill Roeseler, mhandisi wa Boeing, na mwanawe Cory walikuwa wakihangaika na tatizo lilo hilo kwenye mto Columbia. Jibu lao lilikuwa tofauti: tiara yenye fremu ngumu, kamba mbili, na mpini wenye roda ya kukunjia kamba. Miguuni walivaa ski za majini. Walianza kuuza mtambo wao mwaka 1994.

Mwaka 1996 Laird Hamilton na Manu Bertin waliuonyesha mchezo huu katika mawimbi ya Maui, Hawaii, na picha zao zikazunguka dunia. Kuanzia hapo watu wengi walitaka kujaribu, na tiara zilianza kupatikana. Ubao je?

Ubao wa kuazima

Ubao maalumu haukuwepo. Watu waliazima mbao za kuteleza kwenye mawimbi au zile za tanga, wakaongeza mikanda ya miguu. Mbao hizo zilikuwa ndefu na nene, na zilikuwa na omo na tezi, maana yake zilikwenda upande mmoja tu. Ukitaka kurudi pwani lazima uugeuze ubao mzima na kubadilisha miguu huku tiara inakuvuta. Wengi walianguka hapo hapo.

Mwaka 1997 Wafaransa Raphaël Salles na Laurent Ness walitengeneza mbao zilizokusudiwa mchezo huu. Kisha watu wakaanza kuangalia mbao fupi za wale wanaovutwa na motaboti, na kuanzia mwaka 2001 ubao wenye ncha mbili zilizo sawa ukaenea. Huo hauna omo wala tezi. Unakwenda nao kushoto, unarudi nao kulia, miguu haibanduki.

Hapa pana jambo ambalo naomba ulitazame vizuri. Ubao wa mawimbi ni mnene kwa sababu lazima umsaidie mtu kuelea hata kabla haujashika mwendo. Ubao wa tiara hauhitaji hilo. Tiara inabeba sehemu ya uzito wa mtu, na mwendo wenyewe unaufanya ubao uteleze juu ya maji. Basi unene ukawa hauna kazi. Kilichobaki ni kitu cha urefu wa sentimita 130 hadi 145, upana wa 40 hivi, na unene wa sentimita moja tu. Kwa maneno mengine, kipande cha plaiwudi! Siku ubao uliponyauka namna hiyo, kila mwenye msumeno na msasa aliweza kuwa mvumbuzi.

Unavyoundwa nyumbani

Njia iliyozoeleka ni hii. Chukua plaiwudi tatu za milimita 3 zinazostahimili maji. Tengeneza kalibu yenye mpindo mdogo, ncha zikiwa juu kuliko katikati kwa sentimita 3 hadi 5. Paka gundi ya epoksi kati ya plaiwudi, zilaze juu ya kalibu, zibane kwa jiriwa au kwa mawe mazito, uziache hadi gundi ikauke kabisa.

Kwa nini tatu nyembamba na si moja nene? Chukua daftari ulikunje. Utaona kurasa zinateleza moja juu ya nyingine. Sasa fikiria kurasa hizo zimepakwa gundi na kukaushwa zikiwa zimekunjwa. Haziwezi kuteleza kurudi zilikotoka, kwa hivyo daftari linabaki na mpindo wake. Plaiwudi hufanya vivyo hivyo, ingawa hujinyoosha kidogo ukiitoa, na fundi mzoefu huizidishia kalibu mpindo kufidia hilo.

Baada ya hapo ni kukata umbo, kulainisha kingo, kutandika faibaglasi kwa wanaotaka nguvu zaidi, kisha kufunga mapezi madogo na mikanda ya miguu. Sehemu inayoua mbao nyingi ni matundu ya skrubu. Maji hupenya humo, mbao inavimba, tabaka zinaachana. Dawa yake ni kutoboa tundu kubwa kuliko skrubu, kulijaza epoksi, kisha kutoboa tundu dogo ndani ya epoksi yenyewe. Skrubu haigusi mbao kamwe.

Kujaribu

Jaribio la kwanza hufanywa nchi kavu. Weka ubao juu ya vigogo viwili, simama katikati, pima umeshuka kiasi gani. Ukilia au ukibonyea sana, afadhali umejua hapo kuliko majini.

Majini ubao unasema wenyewe. Mpindo ukiwa mdogo mno, ncha inachimba kwenye kila wimbi na unarushwa mbele. Mpindo ukizidi, ubao unasukuma maji badala ya kuteleza, unakuwa mzito, na haukubali kubisha. Wenye vyombo vya tanga mnalijua neno hilo: ubao usioweza kwenda joshi unakupeleka upande wa demani mpaka ujikute unarudi kwa miguu ukiwa umebeba tiara kichwani. Ubao laini mno unapinda ukikanyaga ukingo kwa nguvu, mgumu mno unayapiga magoti. Na kanuni ni ile ile ya kutafuta hitilafu kwenye msimbo: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika, ndipo ubadilishe kingine.

Michoro huria

Mwaka 2001 mwanafunzi wa uzamifu wa MIT, Saul Griffith, alifungua tovuti ya Zeroprestige. Aliweka humo michoro ya tiara alizozibuni, pamoja na maelekezo ya kushona, akaruhusu kila mtu kuichukua bure na kuongeza yake. Wengine wakaleta michoro yao, wengine programu za kukokotoa jinsi hewa inavyopita juu ya tiara. Profesa Eric von Hippel wa MIT aliieleza habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2005, Democratizing Innovation, ambacho naye alikiweka mtandaoni bure. Hoja yake ni kwamba kifaa, kabla hakijatengenezwa, ni taarifa tu. Na taarifa ikishakuwa faili, inasafiri kama programu. Mwenye cherehani au msumeno upande wa pili wa dunia anamalizia kazi.

Tusiwasahau kina Legaignoux lakini. Wao walishika njia ya hataza na kuwatoza leseni watengenezaji wengine. Walikuwa wamejitolea miaka 13 bila kupata soko, na sioni ubaya wao kula jasho lao. Mchezo ulikua kwa njia zote mbili, hataza kwa mirija ya hewa na uhuru kwa mengine mengi.

Griffith mwenyewe alikwenda mbali. Mwaka 2006 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Makani, kampuni ya kuzalisha umeme kwa tiara, iliyonunuliwa na Google mwaka 2013 na kufungwa mwaka 2020.

Gharama yake

Sasa upande wa huzuni. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo wake. Upepo ukiongezeka maradufu, nguvu inakuwa mara nne. Miaka ya mwanzo, aliyezidiwa hakuwa na njia ya uhakika ya kujifungua kutoka kwenye tiara. Mwaka 2002 mwanamichezo wa Ujerumani, Silke Gorldt, alifariki katika ajali ya mchezo huu huko Fehmarn. Na kulikuwa na kosa jingine lililoonekana kama busara: kujifunga kwenye ubao kwa kamba ya kunyumbulika ili usipotee. Ukianguka, kamba inavutika, kisha inaurusha ubao kichwani pako.

Waliojeruhiwa walisimulia, waliosikia wakabadilisha vifaa. Vifungo vya kujitoa haraka viliundwa, vikajaribiwa, vikaundwa tena. Kiwango cha kimataifa cha vifungo hivyo, ISO 21853, kilitoka mwaka 2020. Usalama haukuja na toleo la kwanza. Ulilipiwa na watu.

Kwa hiyo ukitaka kuunda ubao, unda. Ubao ukivunjika utaogelea. Lakini kifungo cha kujitoa usikiunde mwenyewe, kinunue, na ukijaribu kabla ya kila safari.

Leo, na pwani yetu

Mwaka 2024 mchezo huu uliingia Olimpiki ya Paris, mashindano yakafanyika Marseille. Mbao zilizotumika zina bawa chini ya maji linaloinua mtu juu kabisa, na sheria zinataka vifaa vilivyosajiliwa vya kiwandani. Ubao wa kukata nyumbani hauruhusiwi. Naelewa sababu, mashindano yanataka usawa. Lakini inachekesha kidogo kwamba mchezo uliobuniwa kwenye karakana umewafungia mlango wenye karakana.

Bahari haijaufunga. Pwani yetu ina mafundi wanaochonga ngalawa na dau kwa tezo na randa, wanaojua kupinda mbao na kuzuia maji yasipenye, na wanaozijua kusi na kaskazi kuliko kitabu chochote. Hawahitaji kufundishwa mbao ni nini. Wanachohitaji ni vipimo, na vipimo ni faili tu: urefu, upana, mpindo, mahali pa matundu. Sisi wenye tarakilishi ndio tunaoweza kuvitafuta, kuviandika kwa Kiswahili na kuwapelekea.

Haya wapendwa, upepo mwema, na kofia ngumu kichwani!